Kwa Nini Chungu Kichemkacho Hakizidi Joto

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo lionekanalo katika kila nyumba kila siku, wala si wengi walifikirio, nalo ni chungu kilichochemka. Tuna swali moja. Mama ameteleka maharage, na maji yamekwisha kuanza kutokota. Akiongeza kuni hata moto ukawaka kwa ndimi kubwa, je, maharage yataiva upesi zaidi?

Watu wengi watajibu, "Naam, moto mkubwa huivisha upesi." Jibu hilo si kweli. Maji yaliyokwisha kuchemka hayazidi kuwa moto, hata ukiyawashia kichaka kizima. Joto la kuni zile zilizoongezwa halikuingia katika maharage. Limekwenda zake hewani pamoja na mvuke. Katika vijiji vya Nemba, na Biharamulo yote, na Ngara, ambako akina mama na watoto huchukua kuni kichwani kutoka mbali, jambo hili lastahili kujulikana sana. Basi tutaeleza sababu zake hatua kwa hatua, kisha tutaonyesha faida yake jikoni.

CHEMBE ZISIZOTULIA

Kila kitu kilichoko duniani, jiwe, maji, mti, hata hewa tusiyoiona, kimefanyika kwa chembe ndogo mno. Tone moja la maji lina chembe nyingi kuliko watu wote waliopata kuishi duniani tangu mwanzo hata leo. Na chembe hizo hazitulii kamwe. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea aitwaye Robert Brown alitazama kwa hadubini vumbi dogo sana litokalo katika chavua ya maua, likiwa ndani ya tone la maji. Aliona vumbi lile latikisika huku na huku bila ya kukoma, wala hapana aliyelisukuma. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu ya kwamba vumbi lile lilikuwa likigongwa pande zote na chembe za maji zenyewe, ambazo ni ndogo hata hadubini ile haikuweza kuzionyesha.

Mwendo huo wa chembe ndio tuuitao joto. Chembe zikienda mbio, kitu kina moto. Zikienda polepole, kitu kina baridi. Tukiweka chungu motoni, chembe za moto ziendazo mbio zagonga chembe za chungu, nazo za chungu zagonga chembe za maji, na hivyo mwendo wapita kutoka moja hata nyingine, kama watu wasukumanavyo katika msongamano.

Sasa, kitu kimoja chaweza kuwa na hali tatu: kigumu, cha majimaji, au mvuke. Ili kuzifahamu hali hizo, wafugaji wa nyuki wa nchi yetu wanao mfano mzuri. Mmeona kundi la nyuki lililohama likaning'inia tawini, kila nyuki amemshika mwenziwe miguu. Kila mmoja hutikisika, lakini haondoki mahali pake. Hivyo ndivyo zilivyo chembe za kitu kigumu, kama barafu, chuma au nta iliyopoa. Tena mmeona nyuki watambaao juu ya masega: wamesongamana, mmoja anampita mwenziwe, lakini hawaliachi sega. Hivyo ndivyo zilivyo chembe za maji, na kwa hiyo maji hufuata umbo la chombo. Mwisho mmeona nyuki waliokwisha kuruka, kila mmoja na njia yake. Hivyo ndivyo zilivyo chembe za mvuke na za hewa. Hewa iliyomo chumbani mwetu, ijapokuwa twaiona imetulia, chembe zake zaenda mwendo wa mita zipatazo 500 kwa kila sekunde moja, zikigongana na kurudishana.

Chembe ni zile zile katika hali zote tatu. Barafu, maji na mvuke ni kitu kimoja. Kilichobadilika ni mshikamano tu. Nyuki aliyeshikwa na wenziwe hawezi kuruka mpaka ajibandue, na kujibandua ni kazi. Hapo ndipo ilipo siri ya chungu chetu.

JOTO LILILOJIFICHA

Kabla ya kuendelea, yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ukali wa joto na wingi wa joto. Cheche irukayo motoni ina ukali mwingi kuliko bakuli la uji, lakini joto lililomo katika bakuli la uji ni jingi kuliko la cheche. Ukali wa joto hupimwa kwa kipimajoto, nao huhesabiwa kwa digrii. Wingi wa joto sisi tutauhesabu kwa njia nyepesi: joto litoshalo kuinua ukali wa lita moja ya maji kwa digrii moja, tutaliita kipimo kimoja.

Haya, tutie nta ya nyuki chomboni juu ya moto mdogo, na kipimajoto ndani yake. Ukali wa joto utapanda mpaka kufika digrii 63 hivi, na nta itaanza kuyeyuka. Hapo tutaona ajabu: moto ungali ukiwaka, na kipimajoto chakawia pale pale. Hakitapanda vema mpaka nta iishe kuyeyuka. Barafu ni hivyo hivyo. Mawe ya mvua tuyaokotayo uani, tukiyatia katika bakuli yakiwa yanayeyuka na kuyakoroga, hubaki katika digrii 0 maadamu kipande kimoja kingaliko. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kwahitaji vipimo 80 vya joto, na baada ya kuvila vyote hivyo maji yaliyopatikana yangali digrii 0.

Joto hilo limekwenda wapi? Halikupotea. Limefanya kazi ya kuzibandua chembe zilizoshikana. Kwa kuwa halikuongeza mwendo wa chembe, kipimajoto hakilioni. Kwa sababu hiyo wataalamu waliliita joto lililojificha. Aliyeligundua ni Joseph Black, tabibu na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, karibu na mwaka 1761. Alitumia moto usiobadilika na saa. Alihesabu dakika zilizopita mpaka maji baridi yakachemka, kisha akahesabu dakika zilizopita mpaka yale maji yaliyochemka yakakauka yote. Zile za pili zilizidi za kwanza mara nyingi.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hilo wenyewe, mwalimu wao akiwapo, kwa kikombe kimoja cha maji katika chombo cha bati na moto uliowekwa sawasawa. Watakuta ya kwamba kuyakausha maji ni kazi kubwa kuliko kuyachemsha. Na hesabu yake ni hii: kuitoa lita moja ya maji katika digrii 20 mpaka digrii 100 kwahitaji vipimo 80. Lakini kuigeuza lita hiyo hiyo iliyokwisha kuchemka iwe mvuke mtupu kwahitaji vipimo 540, yaani karibu mara saba.

Sasa swali letu limejibiwa. Maji yakiisha kuchemka, kila joto liingialo chunguni hutumika kuzibandua chembe za maji na kuzirusha nje. Moto mdogo huzirusha chache, moto mkubwa huzirusha nyingi, lakini ukali wa joto wa maji yanayobaki ni ule ule. Maharage hayajui kama chini yake zawaka kuni tatu au kumi. Yajua ukali wa maji yaliyoyazunguka tu.

MVUKE HURUDISHA ULICHOKOPA

Joto lililojificha ni kama deni. Mvuke ulilikopa wakati wa kuondoka, nao hulilipa lote wakati wa kurudi kuwa maji. Kwa sababu hiyo mvuke wa chungu huunguza vibaya zaidi kuliko maji yachemkayo, ingawa ukali wa joto wao ni mmoja. Ukigusa ngozi, hugeuka maji na kuliacha joto lake lote pale pale. Basi watoto wasiinamie chungu kinachofunuliwa, na mtu afunuaye akinyanyue kwanza kifuniko upande ulio mbali naye, mvuke utoke huko.

Lakini deni hilo laweza kulipwa kwa faida yetu. Akina mama wa Kagera wapikapo ndizi hufunika chungu kwa majani ya mgomba. Desturi hiyo ni ya zamani, na elimu hii yaonyesha ya kuwa ina akili ndani yake. Mvuke hupanda na kukuta majani, kisha hugeuka matone na kurudi chunguni, na sehemu kubwa ya joto lake hubaki ndani. Chungu kilicho wazi hukopesha mvuke bila ya kulipwa.

Wengine watauliza, "Mbona nguo iliyoanikwa hukauka bila ya kuchemka?" Ni kweli. Katika maji yoyote, chembe zote haziendi mwendo mmoja. Ziko zilizo na mbio kuliko wenzake, na hizo huweza kujibandua na kuruka hata maji yakiwa baridi. Zikiisha kuondoka, zinazobaki ni zile za polepole, na maana yake maji yanayobaki yamepoa. Hii ndiyo siri ya mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo katika vitundu vya mtungi, hukauka upande wa nje, na kila yakaukapo huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, mtungi hupoza vizuri. Wakati wa masika hewa imekwisha kujaa mvuke, na mtungi hauna nguvu hiyo. Jasho la mwili ni kazi iyo hiyo.

NCHI YA JUU NA UZITO WA HEWA

Tumesema maji huchemka katika digrii 100. Hiyo ni kweli pwani, Tanga au Dar es Salaam. Kwetu sivyo. Ili maji yachemke, yapasa povu za mvuke zijitokeze ndani yake zikiwa na nguvu ya kuushinda uzito wa hewa uyakandamizao maji kutoka juu. Kadiri nchi inavyoinuka, hewa iliyobaki juu yake ni kidogo, na uzito wake ni mdogo, kwa hiyo povu zaweza kutokea mapema. Kila tupandapo mita 300 hivi, maji huchemka kwa upungufu wa digrii moja.

Ziwa Viktoria lenyewe limeinuka mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kandokando yake maji huchemka katika digrii 96 hivi. Nemba iko juu kuliko ziwa. Katika vilima vya Ngara vifikiapo mita 1,800, maji huchemka karibu na digrii 94. Na juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, yangechemka karibu na digrii 80. Maharage yapikwayo katika digrii 94 hukawia kuliko yale ya pwani, kwa sababu mapishi huenda polepole ukali wa joto ukipungua. Mama wa vilimani akiona maharage yake yamekawia, hana kosa, wala kuni zake si mbaya. Lakini asidhani ya kuwa moto mkubwa utaifuta tofauti hiyo.

Iko sufuria iliyotengenezwa makusudi, yenye kifuniko kikazwacho kwa mpira na kijitundu cha usalama, ambayo hufungia mvuke ndani hata maji yakafikia digrii 120 hivi kabla ya kuchemka. Hiyo huivisha upesi kweli. Lakini mtu asijaribu kukifunga kwa nguvu chungu cha kawaida kwa kukiiga chombo hicho. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke yataka nafasi ya lita zipatazo 1,700, na ikikosa nafasi hiyo itapasua chungu na kuwajeruhi watu.

HESABU YA KUNI

Sasa tutazame ni kuni ngapi zipoteazo. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la vipimo vipatavyo 3,800. Lakini juu ya mafiga matatu, upepo ukipita, sehemu kubwa ya joto hilo hupita kando ya chungu. Mara nyingi sehemu ifikayo chunguni ni kama moja katika saba, yaani vipimo 540 hivi. Kumbukeni hesabu yetu ya kwanza: kugeuza lita moja ya maji iwe mvuke kwahitaji vipimo 540. Basi kila lita ya maji iliyokauka katika chungu cha maharage, ikambidi mama kuongeza nyingine, imekula karibu kilo moja ya kuni kavu. Chungu kilichoongezwa maji mara tatu, kila mara lita moja, kimetoa kilo tatu za kuni dirishani.

Kuni mbichi zina hasara nyingine. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji yapatayo nusu ya uzito wake. Kabla ya kuwaka vema, maji hayo hayana budi kugeuka mvuke kwanza, na joto la kuyageuza hutoka katika kuni zenyewe. Ndiyo sababu kuni mbichi hutoa povu mwishoni, hulia, na kujaza nyumba moshi unaoumiza macho na kifua. Kuni zilizopasuliwa na kuanikwa juani wiki kadhaa zimekaushwa na jua bure, kwa kazi ambayo moto ungeifanya kwa gharama yetu.

Mtu akidhani hesabu hizi ni ndogo, na akumbuke yaliyotokea Ngara mwaka 1994. Mnamo tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 waliokimbia vita na mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24. Mahali pa Benaco pakawa kama mji mkubwa, nao ulikuwa mji usio na jiko jingine ila mafiga na kuni. Wengine wengi wakawafuata, na kambi zikaongezeka. Kila jamaa walipewa nafaka na maharage, vyakula vitakavyo kuchemka kwa muda mrefu. Ilikadiriwa ya kuwa, wakati watu walipokuwa wengi kabisa, kambi za Kagera zilitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku moja. Miti iliyokuwa karibu ikaisha, na safari za wanawake na watoto zikazidi kurefuka, pamoja na hatari za njiani. Wenyeji nao waliitazama misitu yao ikirudi nyuma. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao mwezi wa Desemba 1996, lakini mti uliokatwa haurudi kwa mwezi mmoja.

Wakimbizi hawakuwa na hiari. Mwenye njaa hana budi kupika. Lakini mambo yale yatuonyesha yale yale yatokeayo polepole katika kila kijiji. Kijiti kimoja cha ziada chini ya chungu kimoja si kitu. Chini ya vyungu elfu, kila siku, ni msitu.

MAMBO YA KUFANYA

Elimu hii haitaki fedha. Maharage na yalowekwe tangu jioni, na maji yale yamwagwe asubuhi. Yaliyoloweka huiva kwa muda mfupi zaidi. Yakisha kutelekwa, yaachwe yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili, maana maharage mengine, hasa mekundu, yana sumu iondolewayo kwa kuchemka, nayo haiondoki kwa maji ya vuguvugu. Baada ya hapo na zitolewe kuni, zibaki zile zitoshazo maji yaendelee kutokota taratibu. Kifuniko kiwe juu ya chungu daima. Mafiga yakingwe upepo kwa udongo, joto lisipite kando.

Maharage yakikaribia kuiva, chungu chaweza kuondolewa motoni kikiwa kimefunikwa, kikatiwa katika kapu lililojazwa majani makavu ya mgomba pande zote na juu. Hewa iliyonaswa kati ya majani haipitishi mwendo wa chembe kwa urahisi, na kwa hiyo chungu hukaa na moto wake, kikaendelea kupika bila ya kuni.

Na maji ya kunywa je? Wengine huyachemsha nusu saa kwa kuogopa kipindupindu na homa ya matumbo. Hofu yao ni ya haki, lakini muda huo ni mrefu mno. Yakitokota kwa nguvu dakika moja yatosha, na katika nchi iliyo juu ya mita 2,000, dakika tatu. Yanayobaki ni kuwalisha mvuke kuni.

Twawaomba wanafunzi wasiyaache mambo haya darasani. Na waende nyumbani, waombe ruhusa kwa mama au kwa bibi, wapime kwa kikombe maji yaongezwayo katika chungu kilicho wazi, na siku ya pili katika chungu kilichofunikwa chenye moto uliopunguzwa. Wahesabu na kuni pia. Tofauti watakayoiona ni mzigo ambao mtu wa nyumbani mwao hatauchukua kichwani kesho.